Usije Ukashika Mwiko

Jumatatu, 7 Aprili

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na magoti yamepunguza kelele. Mimi mzima, ila leo naandika mbiombio, kwa hiyo univumilie mwandiko.

Ninaolewa. Haya, nimeshasema. Yule fundi wa lifti niliyekuja naye huko mwaka jana, aliyekula sahani tatu kisha akaomba aonyeshwe jiko, ndiye huyo huyo. Tarehe 14 Juni, Jumamosi, saa nne asubuhi tunasaini kwa msajili wa ndoa, na mchana tunakula pamoja hapa karakanani ninapojalidi vitabu. Bosi ametupa karakana bure, mradi turudishe kila kitu mahali pake.

Sasa shika kitu usianguke. Tutakuwa watu ishirini na wawili tu, pamoja na sisi maharusi, na wewe umo. Hakuna ukumbi. Hakuna mshereheshaji wa kutupigia kelele masikioni. Hakuna msururu wa magari, hakuna sare za kushona, hakuna keki ya ghorofa, wala hakuna meza kuu ya kumweka bibi harusi juu kama kikombe cha mashindano. Tumeangalia tulicho nacho tukaona kinatosha chakula kizuri cha watu ishirini na wawili au chakula kibaya cha watu mia tatu. Tukachagua. Na hata tungekuwa na vingi, nadhani tungechagua hivyo hivyo, maana nataka kila aliyekuja nimwone na nimuulize mwenyewe kama ameshiba.

Shangazi amesusa. Anasema harusi isiyo na mshereheshaji ni kikao. Upande wa baba wamegawanyika, nusu wako naye, nusu wanashukuru kimya kimya kwamba hawashoni sare. Maneno yao yananiuma kidogo tu. Yako ndiyo ninayoyaogopa. Niambie ukweli, Mama Mdogo, nimekuaibisha?

Sikukupigia simu kwa sababu mara ya mwisho nilikuambia nina mafua ukanipongeza. Hayo masufuria yako yanachemka kwa kelele kuliko mimi. Mzee wa Unga anapakia lori kesho kuja huko chuoni, nimempa hii mkononi.

Ni mimi,
Gundi wako


Jikoni, Jumatano, 16 Aprili

Gundi wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekalia gunia la maharage, maana ndilo lililokuwa karibu. Nimepiga vigelegele mpaka wasaidizi wangu wawili wakaja mbio na ndoo ya maji wakidhani nimeungua.

Kuniaibisha? Una akili mtoto wewe, sijui uliitoa wapi, kwangu hukuitoa. Mimi nikiwa na umri wako nilikuwa naogopa hata kukataa chai. Wewe umeuambia ukoo mzima kwamba utafanya jambo lako kwa kadiri yako, na bado unamsalimia kila mtu kwa heshima. Heko! Nimepika harusi nyingi za ukoo huu na za majirani, na nakuambia ninachokijua: katika watu mia tatu, mia na hamsini hawamjui bibi harusi, hamsini wanamsengenya, na waliobaki wanatafuta nyama.

Mimi mwenyewe bibi harusi sijawahi kumwona uso. Huwa naona mgongo kupitia mlango wa jikoni, na mara nyingine nikiulizia naambiwa huyo siye. Hata siku ya dada yangu, marehemu mama yako, nilisikia shangwe nikauliza kuna nini, nikaambiwa ameingia na ameshatoka. Nilicheka sana siku ile.

Shida yangu ni moja. Watu ishirini na wawili wanapikiwaje? Miaka ishirini na sita napikia wanafunzi mia tatu na arobaini. Chumvi naipima kwa bakuli. Ukinipa kijiko mkono utakataa. Lakini nitajifunza, nimeshaanza kugawanya vipimo. Nitakuja siku mbili kabla, na sufuria la kati, na lile dogo la wanafunzi wagonjwa, na mwiko wangu, maana miiko ya watu siielewi.

Mambo ya maana niandikie kwa herufi kubwa. Mvuke umenila macho na hii miwani inaona ukungu tu. Shangazi yako mwache asuse, atakuja. Huyo hajawahi kukosa chakula. Na Bwana Lifti mwambie namkumbuka. Mtu anayeshiba kisha akaulizia aliyepika hana makuu.

Mama Mdogo


Jumatatu, 28 Aprili

Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa karakanani wakati wa mapumziko, bosi akacheka mpaka gundi ikamkaukia kidoleni. Nilipofika kwenye ule mgongo wa bibi harusi nikaikunja. Bosi akasema endelea, nikarudi kushona.

Mipango ndiyo hii. Meza ya kukatia karatasi, unaikumbuka, ndefu kuliko chumba changu cha kulala, tutaiburuta katikati tuifunike. Haitakuwa na kichwa wala mkia, kila mtu atakaa anapopata. Mashine ya kubania vitabu haibebeki, itabaki ilipo na juu yake tutapanga majagi ya maji. Viti tunaazima kwa majirani na hakuna viwili vinavyofanana. Chakula watapika wale dada wawili wanaotuuzia chakula cha mchana hapa nje, wali, kuku na mboga, na wanasema watu ishirini na wawili kwao ni mapumziko. Badala ya keki tutakata tikiti maji. Lifti ameshanoa kisu, ungedhani anakwenda vitani. Badala ya hotuba nimeshona kitabu kidogo, kila mtu ataandika mstari mmoja.

Haya nayaandika kwenye meza ya kushonea, kwenye karatasi za rejista ya kliniki ninayoishona wiki hii. Bosi ametuachia zilizozidi. Ni nzito na nzuri, kalamu inateleza yenyewe.

Sasa lile la maana, kwa herufi kubwa kama ulivyoagiza. Nimelifikiria wiki nzima, na Lifti tumeelewana. Usikasirike, Mama Mdogo, ni kwa sababu nakupenda. Siku ya harusi yangu, nakuomba sana, USIJE

(karatasi ya pili)

UKASHIKA MWIKO. Masufuria yaache huko huko. Njoo mikono mitupu, uvae lile gauni la buluu. Nataka ukae. Nataka upate kiti chenye mgongo, uletewe sahani, uniangalie usoni mpaka uchoke.

Umenilea kwa jiko hilo. Viatu, daftari, dawa, vyote vilipitia kwenye mvuke huo. Watu wakisifu kazi yangu nakumbuka unavyopanga mabakuli mia tatu na arobaini bila moja kuegemea jingine, na najua nilijifunzia pale, nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Sijui mtu mwingine ninayemheshimu kama wewe. Basi siku moja tu, wewe ndiye uhudumiwe.

Na kuna la pili. Msajili anataka mashahidi wawili. Lifti amemchukua kaka yake. Wa kwangu ni wewe, sina mwingine. Tarehe 14 Juni saa nne nataka tuingie mlango ule pamoja. Ila najua ofisi huzipendi, kwa hiyo kama hutaki kusimama mbele ya watu, niambie tu. SITAKASIRIKA.

Ni mimi,
Gundi wako


Jikoni, Alhamisi, 8 Mei

Gundi mwanangu,

Marahaba. Barua yako Mzee wa Unga alinipa jana. Nimeisoma mara tatu, ya mwisho nimevua miwani.

Mipango yako ni mizuri mno. Meza isiyo na kichwa wala mkia, mimi na utu uzima wangu sikuwahi kuliwaza hilo. Tikiti maji badala ya keki limenichekesha. Wasaidizi wangu nimewasimulia, wanasema ukimaliza harusi yako uje upange na za kwao.

Lile neno la mwisho la herufi kubwa nimelisoma, na nitalifuata kama lilivyo. Umeliandika kwa adabu, ukaeleza kwamba ni kwa kupendana, mimi nina nini cha kuongeza? Siku ni yako. Tena afadhali, maana wiki hiyo chuo kina mitihani na wanafunzi wa mitihani hula kama wamefungwa mwezi mzima. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Sina kinyongo.

Hao dada wawili waambie wali wa watu wachache hauachwi peke yake, unageuka haraka. Vile vipimo nilivyokuwa nagawanya nimeviandika nyuma ya karatasi hii, huenda vikawafaa. Chumvi nimeipima upya mara nne, iko sawa.

Nakusifu sana, mwanangu. Nilitaka ulijue hilo.

Mama Mdogo


Jumatatu, 12 Mei

Mama Mdogo,

Shikamoo. Jibu lako nimelipata. Sijakasirika. Nilisema hivyo na nimeshika neno langu.

Nimesikitika, hilo sikufichi. Nilichokuandikia kilitoka moyoni, na kama ningeambiwa niandike tena leo, ningeandika hivyo hivyo. Lifti anasema nikuulize mara ya pili. Nimemwambia Mama Mdogo akishasema amesema, tangu utoto wangu sijamwona akigeuza neno, na mimi sitakuwa wa kwanza kumgeuza.

Vipimo vyako nimewapa wale dada. Mkubwa amevibandika ukutani juu ya jiko lake. Anasema mtu aliyeshusha chumvi kutoka watu mia tatu na arobaini mpaka ishirini na wawili bila kukosea si mpishi, ni mhandisi. Nimejivuna utafikiri nimesifiwa mimi.

Nafasi yako Shangazi anaitaka. Ameacha kususa ghafla, amenunua na kofia. Sijamjibu.

Gundi


Jikoni, Alhamisi, 22 Mei

Gundi,

Marahaba. Hiyo nafasi ya karibu nawe mpe Shangazi yako. Ni dada wa baba yako, ni haki yake, na usigombane na watu kwa ajili yangu. Kofia mwambie aivue wakati wa kula.

Natuma kifurushi. Mzee wa Unga alinitafutia magunia ya kitambaa, yale ya zamani, nikayafua na kuyaanika wiki nzima mpaka maandishi ya kiwanda yakatoka. Nimekata vitambaa vya kupangusia mikono. Pindo nimeshona mwenyewe, usiangalie sana mishono, wewe ni fundi na mimi nimepapasa tu. Vinawatosha wote mtakaokaa mezani.

Siku hiyo saa nne nitapunguza moto, nitakaa kidogo nikiwawazia. Mwambie Bwana Lifti akutunze. Na wewe umtunze.

Mama Mdogo


Masjala, Kliniki ya Wajawazito
Alhamisi, 5 Juni

Kwa Fundi wa Kujalidi,

YAH: UKURASA WA 213 WA REJISTA YETU MPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa masjala ya kliniki, ndiye niliyeleta kwenu kazi ya rejista hii mwezi wa nne.

Kwanza nitoe pongezi. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapokea rejista iliyoshonwa vizuri namna hii. Ukiifungua inalala yenyewe, na hakuna ukurasa hata mmoja unaolegea. Uimara huo ndio uliotuletea tatizo.

Leo asubuhi tulimaliza ukurasa wa 212, na tulipofunua unaofuata tukakuta nyuma yake pamejaa maandishi ya mkono. Unaanza kwa herufi kubwa, UKASHIKA MWIKO. Muuguzi wa zamu aliusoma kwa sauti mbele ya kina mama waliokuwa wakisubiri, akidhani ni maelekezo mapya kutoka wizarani, na mama mmoja akauliza kama amekatazwa kupika mpaka ajifungue. Tulipofika kwenye "Gundi wako" ndipo tulipoelewa kwamba ni barua ya mtu.

Ukurasa huo una namba, na mimi siruhusiwi kuchana ukurasa wenye namba. Kwa hiyo naomba fundi mwenyewe afike na kisu chake, aukate mbele yangu, nami nitasaini kwamba umekatwa.

Si kazi yangu kuingilia mambo ya watu. Hata hivyo nimesoma mpaka mwisho, na muuguzi pia, na mama watatu. Ikiwa huyo Mama Mdogo hajaipata karatasi hii, tarehe 14 imekaribia. Tafadhali fundi afike mapema.

Wako katika kazi,
Karani wa Masjala


Jumanne, 10 Juni, saa moja asubuhi

Mama Mdogo, Mama Mdogo,

Shikamoo. Mzee wa Unga amewasha injini na anapiga honi. Nimemwambia akiondoka kabla sijamaliza nalala mbele ya tairi.

Karatasi iliyo ndani ya bahasha hii isome kwanza. Nyuma ina namba 213 na ubavuni ina matundu ya sindano. Ni ya kwako. Ni karatasi ya pili ya barua yangu ya tarehe 28 Aprili. Niliiacha juu ya rundo la kliniki, nikakunja moja nikidhani nimekunja mbili, maana karatasi zile ni nzito. Kisha mimi mwenyewe, kwa mikono hii, nikaipiga namba upande usio na maandishi na kuishona ndani ya rejista. Mimi ninayejua kwa kidole kama kurasa ni kumi au kumi na moja! Jana nimekwenda kuikata, karani amesimama pembeni na kalamu yake, kina mama kwenye mabenchi wakapiga makofi.

Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikajiuliza: sasa ile aliyoipata inaishia wapi? Inaishia kwenye USIJE. Nikakaa kwenye ngazi za duka la watu.

Ulisoma neno hilo kutoka kwangu, ukanijibu kwa upole ule. Ukanipimia chumvi mara nne. Ukafua magunia. Lifti alivihesabu vitambaa vyako siku vilipofika, akasema viko ishirini na kimoja, nikamwambia haiwezekani, Mama Mdogo hajawahi kukosea idadi ya watu. Kumbe hukukosea. Ulikuwa umejitoa. Na mimi nikajaa kiburi, nikaona umekataa kuwa shahidi wangu, nikakaa na uchungu wangu bila kukuuliza tena. Swali moja lingetosha. Nisamehe.

Nafasi bado iko wazi. Shangazi nimemwambia hapana, na amesusa upya. Lori linarudi Alhamisi, Mzee wa Unga anasema kiti cha mbele ni chako. Ukiona moyo umechoka nitaelewa, sina haki ya kukulazimisha. Lakini kama unaweza, NJOO. Sentensi imeishia hapo, haina karatasi nyingine.

Gundi wako


Jikoni, Alhamisi, 19 Juni

Gundi wangu,

Marahaba. Nimefika salama, mwambie mume wako. Kiti cha mbele cha lori kimenivunja kiuno lakini nimeimba njia nzima, na Mzee wa Unga ameniomba nisirudie.

Nina mambo ambayo siku ile sikuyasema kwa sababu mdomo ulikuwa na wali.

Ile karatasi ya kwanza. Niliona USIJE pale chini, haina nukta, haina saini, nikasema huyu mtoto amelia akashindwa hata kuweka nukta. Sikukuona mbaya hata siku moja. Nilijiambia, nimenuka moshi maisha yangu yote, binti yangu ana wageni wake, ana haki. Lakini niliumia, Gundi. Niliumia sana. Kesho yake wanafunzi walikunywa uji usio na sukari, na hakuna aliyelalamika, walidhani ni agizo la mkuu wa chuo.

Hiyo yenye matundu ilinikuta nagawa chakula cha mchana. Niliisoma nimesimama dirishani, mwiko mkononi, foleni yote ikasimama. Mwanafunzi wa mbele akauliza, "Mama, vipi, kimekwisha?" Nikamwambia, "Jipakulieni wenyewe." Miaka ishirini na sita sijawahi kutamka maneno hayo. Wasaidizi wangu walishika jiko mpaka niliporudi, mitihani imefanywa, na hakuna aliyekufa njaa. Imeniuma kidogo kuona hivyo, lakini ndivyo.

Sasa sherehe yako. Nimeiona! Nimeona ulivyovua viatu chini ya meza ukadhani hakuna anayejua. Nimemwona Lifti akitoa mbegu za tikiti maji moja moja kabla ya kukupa kipande, fundi mzima, uso umekunjamana kana kwamba anarekebisha mashine. Nimemwona karani wa kliniki uliyemwalika dakika ya mwisho akiukagua mgongo wa kile kitabu chako kabla ya kuandika mstari wake. Nimemwona Shangazi yako akija kuomba sahani ya pili, na kofia kichwani. Mara mbili nilinyanyuka nikaangalie wali na mara mbili shemeji yako akanishika bega nikakaa. Mtu akikaa anaona mengi. Na chakula kilikuwa cha moto. Unajua mimi cha harusi nakula mwisho, nimesimama, kimeshaganda mafuta, na nilikuwa nimekubali kwamba ndivyo kilivyo. Hao dada wanajua kazi.

Nimepita kwenye harusi za mbwembwe nyingi, mwanangu. Hii ya kwako ilikuwa na heshima ambayo sikuwahi kuiona huko, kwa sababu kila aliyekuwa pale alijua ameitwa yeye. Ulilipanga wewe jambo hilo, kwa viti vya kuazima. Nakusifu na sitachoka kukusifu.

Limebaki moja. Pale kwa msajili, yule mwandishi aliponiuliza kazi yangu nikasema mpishi, akaandika. Akauliza uhusiano wangu na bibi harusi. Nikasema mama mdogo. Wewe ukainama ukamwambia, "Nafasi ni ndogo hapo, andika mama tu." Nafasi haikuwa ndogo, Gundi. Niliiona hata mimi na miwani yangu.

Tangu ukiwa na miaka minne nimekukataza. Ulikuwa ukiniita mama nakurudisha, sema Mama Mdogo, kwa sababu niliogopa dada yangu atasahaulika, na kwamba mimi ndiye nitakayekuwa nimemsahaulisha. Nimekurudisha hivyo miaka ishirini na mitatu. Siku ile nilifungua mdomo nikurudishe tena, mwandishi kalamu iko hewani, nikaona unavyoniangalia. Nikafunga mdomo nikasaini.

Usidhani niliona haya kukukatalia mbele za watu. Nimeliwaza njia nzima mpaka hapa, kati ya wimbo na wimbo. Liache kama lilivyoandikwa.

Mama